Windows isikuhamishe toleo usiku umelala: mwongozo kamili wa kompyuta ya nyumbani

Sote tunasema "apdeti", lakini neno hilo limebeba vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni kiraka cha usalama, furushi linalotoka kila mwezi, Jumanne ya pili, kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Cha pili ni kuhamishwa toleo: jana ulikuwa na Windows 10, leo una Windows 11. Kiraka ni fundi aliyekuja kubadilisha kitasa cha mlango wako. Kuhamishwa toleo ni kuamka umelala nyumba nyingine, vyombo vyako vimepangwa na mtu usiyemjua.

Nitakuonyesha namna ya kukizuia hicho cha pili huku ukikishika cha kwanza kwa mikono miwili. Ukizima vyote kwa pamoja umejiumiza, na ndivyo watu wengi wanavyofanya kwa hasira.

Nilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito siku mama mdogo aliponipigia simu kutoka dukani kwake Morogoro. Ana duka la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Ilikuwa saa mbili asubuhi, wanafunzi wamejaa mlangoni, na kioo cha kompyuta kinaonyesha asilimia 27 na maandishi ya kumwomba asizime. Usiku uliotangulia lilimjia dirisha kubwa la kumkaribisha Windows 11, naye akabofya kitufe kikubwa cha buluu ili limwondokee. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna kitufe kingine kidogo pembeni. Bando la wiki alilokuwa akilirusha kutoka kwenye simu lilikwisha, na mashine yake yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka ikawa inafungua faili la Word kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Tulimrudisha Windows 10 siku ya sita. Jinsi tulivyofanya nimeieleza mbele.

Kujisahau kwa namna hiyo hakukuanza na mama mdogo. Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, ilitolewa bure kwa mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1. Kompyuta zao zilipokea sasisho namba KB3035583, ambalo kazi yake ilikuwa kuleta tangazo la toleo jipya. Kufikia Mei 2016, mtu akibofya ile X nyekundu kufunga dirisha, ratiba ya kuhamishwa ilibaki palepale, kana kwamba amekubali. Mwanamke mmoja mwenye ofisi ya usafiri huko California aliipeleka Microsoft mahakamani baada ya kompyuta yake ya kazi kuharibika kwa sababu ya kuhamishwa huko, akapewa dola 10,000. Baada ya malalamiko mengi, kikawekwa kitufe cha wazi cha kukataa. Tangu hapo nina desturi moja: dirisha la namna hiyo likija, silifungi kwa X. Nalisoma lote hadi chini, natafuta neno la kukataa, na hilo ndilo ninalolibofya.

Jua kwanza ulicho nacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Kisanduku kidogo kitakuambia toleo lako. Kwenye Windows 10 unataka kuona 22H2, kwa sababu ndilo la mwisho katika ukoo wake. Kama unaona namba ya chini ya hiyo, pandisha hadi 22H2 kabla ya kufanya lolote. Matoleo ya chini yake yalikwisha kuachwa bila viraka kwa watu wa kawaida.

Halafu nenda "Settings", "System", "About", usome palipoandikwa "Edition". Home na Pro zinatofautiana katika njia ya kufunga mlango, ingawa komeo ni lilelile.

Tazama pia kama mashine yako inastahiki Windows 11 hata kidogo. Masharti makubwa ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au ya AMD ya rika hilo, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc, kama ipo na imewashwa, kulia kwa chini utasoma "Specification Version" na namba yake. Laptopu nyingi zilizotumika ambazo watu hununua Kariakoo ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Hizo hazitaletewa Windows 11 kupitia Windows Update, kwa hiyo mwenye mashine ya aina hiyo aruke hadi sehemu ya viraka baada ya Oktoba 2025. Tatizo lake ni jingine.

Nakili kazi zako kabla ya kugusa chochote

Flashi au diski ya nje, folda ya "Documents", "Pictures", "Desktop", na yale mafaili ambayo kila mtu huyaacha "Downloads" akidhani atayahamisha kesho. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo lake namba 1809 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hii iliteleza namna hiyo. Mimi na wewe tusibahatishe.

Linda bando

Hatua hii ni ya dakika moja na ndiyo inayomsaidia zaidi mtu anayetumia hotspoti ya simu. Fungua "Settings", "Network & Internet", "Wi-Fi", bofya jina la mtandao uliounganishwa nao, kisha washa "Set as metered connection". Kuanzia hapo Windows inaelewa kuwa kila MB inalipiwa, na inaacha kushusha mafurushi makubwa bila kuulizwa. Mpangilio huu unashika mtandao mmoja mmoja: ukibadilisha simu au jina la hotspoti, urudie.

Ukiwa hapohapo "Settings", ingia "Update & Security", "Delivery Optimization", uzime "Allow downloads from other PCs". Kikiwashwa kwa kompyuta za kwenye intaneti, mashine yako inaweza kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta za watu wengine, na bando linalotumika ni lako.

Lakini sikia: ukishaweka mtandao kuwa wa kulipia, viraka vya usalama navyo vinaweza kusubiri. Kwa hiyo jiwekee siku. Mimi hufanya wikiendi inayofuata ile Jumanne ya pili ya mwezi, nikiwa na bando la usiku au nikiwa mahali penye Wi-Fi. Nafungua ukurasa wa Windows Update, nashusha viraka, nazima na kuwasha, nimemaliza hadi mwezi ujao.

Kataa ofa ipasavyo

Kwenye ukurasa wa Windows Update, ofa ya Windows 11 huja na kitufe cha kushusha na kusakinisha, na chini yake maandishi madogo "Stay on Windows 10 for now". Bofya hayo madogo. Inapokuja kama tangazo la kujaza kioo kizima, vitufe vya kukubali huwa vikubwa na vya rangi, na cha kukataa huwa maandishi matupu pembeni. Waonyeshe watoto na wazee wote wanaotumia mashine hiyo. Nyumbani kwetu nilikaa na kila mmoja, nikamwambia: ukiona swali usilolielewa, acha kioo kama kilivyo, niite.

Kitufe cha "Pause updates for 7 days" nacho kinasaidia unapokuwa na kazi ya haraka, mtihani au ripoti. Unaweza kukirudia hadi siku 35, lakini kumbuka kinasimamisha kila kitu, viraka pia. Ni cha dharura tu. Weka vilevile "Active hours", saa ambazo mashine haitajizima na kujiwasha yenyewe. Unaweza kuzipanua hadi 18 kwa siku.

Komeo lenyewe

Yaliyotangulia ni mapazia. Mlango unafungwa hapa, kwa kuiambia Windows ibaki kwenye toleo fulani na isivuke. Uzuri wa njia hii ni kwamba imetengenezwa na Microsoft wenyewe kwa ajili ya maofisi, na viraka vya kila mwezi vinaendelea kuja kama kawaida.

Mwenye Pro: Windows na R, andika gpedit.msc. Fuata "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", "Windows Update", "Windows Update for Business". Fungua "Select the target Feature Update version". Chagua "Enabled". Kisanduku cha kwanza andika Windows 10, cha pili andika 22H2. Bofya OK.

Mwenye Home hana gpedit, ila maneno yaleyale yanaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye rejista ya Windows, daftari lake la ndani la mipangilio. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, kisha kwenye "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, bofya kulia na uchague "Run as administrator". Ingiza mistari hii mitatu, mmoja mmoja, ukibonyeza Enter kila mwisho:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d "22H2" /f

Kila mstari ukikubalika utajibiwa kuwa kazi imekamilika. Ukijibiwa "Access is denied", hukufungua kama msimamizi. Funga, anza tena. Usiandike kwa kukisia: alama za nukuu na nafasi zina maana, kwa hiyo nakili na ubandike. Zima mashine, washa, rudi Windows Update. Utaona maandishi kuwa baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Usishtuke ukadhani umeingiliwa. Taasisi hiyo ni wewe.

Asiyependa kugusa rejista anaweza kutumia InControl, programu ndogo ya bure ya Steve Gibson, yuleyule aliyetoa Never10 mwaka 2016 kwa shida hiihii. Inaandika mistari ileile kwa kubofya kitufe kimoja. Ishushe kutoka tovuti yake ya GRC, si kwingine.

Uliye tayari kwenye Windows 11 na hutaki kurukishwa toleo la ndani, njia ni hiyohiyo: badilisha "Windows 10" iwe "Windows 11", na 22H2 iwe toleo ulilonalo kwa mujibu wa winver. Ila toleo la Home na Pro hupewa viraka kwa miezi 24 tu, na likishapitwa na muda wake komeo hili haliheshimiwi tena. Linakupa nafasi ya kuchagua siku, halikupi kinga ya milele.

Njia mbili ninazokusihi uziache

Ya kwanza ni kuua huduma ya Windows Update kupitia services.msc. Utaiambiwa sana na mafundi wa vichochoroni. Windows ina mlinzi wake wa ndani anayeifufua huduma hiyo, kwa hiyo mara nyingi hata haidumu. Na ikidumu ndiyo hatari zaidi. Kirusi cha WannaCry kilipozuka tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo, kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimeshatoka tangu tarehe 14 Machi. Miezi miwili. Waliokuwa wamekiweka tundu hilo lilikuwa limezibwa kwao. Kila mtu anayekuja kwangu na kompyuta iliyozimwa masasisho namwambia habari hii kabla sijaigusa.

Ya pili ni kuzima TPM ndani ya BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, ili mashine ionekane haistahiki. Inafanya kazi, sikatai. Lakini laptopu nyingi za karibuni zimefunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, bila mwenyewe kujua, na funguo inakaa ndani ya TPM. Ukiizima, asubuhi utaulizwa namba ya tarakimu 48 ambayo huenda hujawahi kuiona maishani.

Kama umeshahamishwa

Kama kioo kinahesabu asilimia, usikate umeme wala usichomoe betri. Chomeka chaja, subiri imalize. Kukatisha katikati ndiko kunakoharibu.

Kama limeshushwa tu na linakusubiri uwashe upya, bado hujachelewa. Weka komeo la juu kwanza. Kisha kwenye "Command Prompt" ya msimamizi andika net stop wuauserv, halafu net stop bits. Fungua folda C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, futa kilichomo ndani, si folda yenyewe. Rudi uandike net start bits na net start wuauserv.

Kama umeshafika Windows 11, una siku 10 za kurudi. Toleo lako la zamani limehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona folda ya GB nyingi, wanaifuta kupata nafasi, mlango unajifunga nyuma yao. Usiiguse, wala usiruhusu "Disk Cleanup" iiguse. Kama unahitaji muda zaidi wa kufikiri, ongeza siku kabla zile 10 hazijaisha, kwa kuandika mstari huu kwenye "Command Prompt" ya msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Namba inaweza kufika 60.

Kurudi kwenyewe ni hivi, na ndivyo tulivyofanya pale dukani. Chaja ukutani, na kwa kuwa umeme wa mtaa ule hukatika, tulihakikisha kwanza betri imejaa. Mafaili ya wateja kwenye flashi. "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Inakuuliza sababu, weka alama yoyote. Inakuomba uangalie masasisho kwanza. Bofya "No, thanks". Inakuonya kuwa programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka, na kuwa unatakiwa kukumbuka nywila uliyotumia zamani. Hapo mama mdogo alinyamaza kidogo, akafungua daftari la madeni, akaikuta ameiandika ukurasa wa mwisho. Baada ya hapo ikajizima na kujiwasha mara kadhaa. Kabla ya adhana ya adhuhuri mezani pake palikuwa na Windows 10 yake, picha zake za pasipoti zikiwa palepale. Kitu cha kwanza nilichofanya ni ile mistari mitatu.

Siku zikishapita, au folda ikishafutwa, kilichobaki ni kusakinisha Windows 10 upya kutoka kwenye flashi, na hapo kila programu unaanza moja. Ndiyo maana nasisitiza siku 10.

Viraka baada ya Oktoba 2025

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kubaki nayo bila viraka ni kurudi kulekule kwa WannaCry, kwa hiyo komeo bila hatua hii halijakamilika. Microsoft imeweka mpango wa viraka vya ziada, ESU, kwa watu wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji 22H2 na akaunti ya Microsoft yenye ruhusa za msimamizi. Kiungo cha kujiunga, "Enroll now", kinatokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Njia ni tatu: kuruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako, bila malipo, pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au dola 30. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta 10, kwa hiyo ndugu mnaweza kujipanga.

Mashine ambayo haitakubaliwa na Windows 11 ifikiriwe mapema. Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inatembea vizuri kwenye laptopu za zamani, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Kwa kuvinjari, kuandika na kuangalia video inatosha kabisa. Mwenye programu inayotaka Windows tu aijaribu programu hiyo kwanza ndani ya Mint kabla ya kuamua.

Siku utakayotaka kuhama

Siku hiyo ikija, fungua "Command Prompt" ya msimamizi uondoe komeo:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /f

Rudia mstari huo mara mbili, ukiweka TargetReleaseVersion na kisha TargetReleaseVersionInfo mahali pa ProductVersion. Aliyetumia gpedit arudishe chaguo kuwa "Not configured". Washa upya, bofya "Check for updates".

Mama mdogo alinunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na RAM ya kuongeza kufika GB 8, tukaweka siku: Jumapili mchana, duka limefungwa, bando jipya, chaja ukutani, flashi ya mafaili ndani ya pochi yake. Safari hii alibofya kitufe kile kikubwa cha buluu yeye mwenyewe, baada ya kusoma dirisha lote.